Kulipatia geti la chuma sura ya shaba, kwa jua na vumbi la Dodoma

Shaba haina rangi moja. Tazama dele la zamani la kahawa: tumbo lina wekundu unaong'aa pale linaposhikwa kila siku, shingo imekuwa kahawia, kwenye maungio limekaribia weusi, na chini kabisa, maji yanapotuama, pana utando wa kijani. Ukinunua kopo moja la rangi ya shaba na kulipaka geti zima kwa rola, hupati shaba. Unapata geti la rangi ya chungwa linalometameta. Sura ya shaba hutoka kwenye tabaka nne au tano nyembamba zinazoonekana moja kupitia nyingine, za giza zikiwa chini na za mwanga juu.

Maelekezo haya yamepimwa kwa geti la kawaida la nyumba za Dodoma: fremu ya skwea paipu, shiti nyeusi katikati, na maua ya flati baa juu. Njia hiyo hiyo inafaa grili za madirisha, reli za ngazi, miguu ya meza, fremu za vioo na taa za ukutani. Haifai sufuria, sahani wala chombo chochote kinachogusa chakula, na haifai jiko wala dohani kwa sababu rangi hizi hazivumilii moto.

Ijue kwanza chuma yako

Shiti nyeusi na skwea paipu nyeusi huja na ngozi ya kiwandani ya rangi ya kijivu inayokaribia bluu, pamoja na mafuta ya kuzuia kutu. Mafuta huondoka kwa thina. Ngozi ile ni ya hila: leo imeshika, ila baada ya mwaka hupasuka na kubanduka pamoja na rangi iliyo juu yake. Iondoe kwa grenda yenye diski ya waya au kwa msasa namba 80, hasa kwenye kingo na mahali palipochomelewa.

Mabati na mabomba yenye zinki yana tatizo jingine. Rangi ya mafuta ikikaa moja kwa moja juu ya zinki, mafuta yake huungana na zinki na kufanya kitu kama sabuni katikati ya rangi na bati. Rangi huonekana nzuri kabisa kwa miezi kadhaa, kisha inatoka vipande vikubwa kama ngozi ya nyoka. Kwa zinki na alumini, kwaruza kwa msasa namba 240, osha kwa siki nyeupe na maji kwa kipimo sawa, suuza, kausha, halafu paka praima (rangi ya msingi) iliyoandikwa kwamba ni ya mabati au alumini. Redoksaidi ya kawaida, ile praima nyekundu ya chuma, usiitumie hapo. Geti lililounganishwa kwa chuma nyeusi na mabomba ya zinki, na yapo mengi, lipakwe lote praima ya mabati.

Geti la zamani lenye rangi inayoshika vizuri halihitaji kukwanguliwa lote. Bandika selotepu kwenye rangi, ibane vizuri kwa ukucha, ivute kwa nguvu. Ikitoka na rangi, kwangua mpaka chuma. Isipotoka, msasa namba 120 wa kuondoa mng'ao unatosha. Rangi kuukuu huenda ina risasi, kwa hiyo ikwaruze ikiwa imeloweshwa, vaa barakoa, na usiwaache watoto wacheze kwenye vumbi lake.

Vifaa na vipimo

Tuchukue geti la mita 3 kwa mita 2.2. Upande mmoja ni mita za mraba 6.6, pande mbili ni 13.2. Lita moja ya praima au rangi ya mafuta hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja. Kwa hesabu hiyo: praima mikono miwili ni lita 2.7, nunua kopo la lita 4. Kahawia ya chini lita 2. Rangi ya shaba lita 1, kwa sababu haifuniki geti lote. Vanishi ya nje lita 4, ambamo utatoa pia ya kuchanganyia. Tapentaini lita 2 na thina lita 2 za kusafishia. Rangi ya maji nyeupe, kijani na bluu, robo lita kila moja inazidi mahitaji. Ongeza sponji za kuogea zenye matundu makubwa, brashi ya inchi 2 na ya inchi 1, msasa wa namba 80, 120, 240 na 320, fulana kuukuu za pamba, glavu, na vipande vitatu vya shiti vya sentimita 30 kwa 30.

Vipande hivyo vya shiti usivione kuwa ni matumizi ya bure. Kila mchanganyiko uanzie hapo, ukauke, kisha ukisimamishe kipande wima nje na kukitazama asubuhi, saa sita na jioni. Rangi yenye chengachenga za metali hubadilika kwa pembe ya jua kuliko rangi yoyote ya kawaida, na mteja aliyeichagua akiwa dukani chini ya taa anaweza kuikataa ikiwa juani.

Rangi ya shaba iliyo tayari ikikosekana, changanya unga wa rangi ya shaba kwenye vanishi: gramu 200 hadi 250 kwa lita moja. Unga uko wa aina mbili, na tofauti yake ni kubwa. Kuna wa shaba halisi iliyosagwa, na kuna wa mika, madini yanayometameta, iliyopakwa rangi. Wa shaba halisi hung'aa zaidi, ila huchacha ndani ya vanishi: ukikaa siku chache mchanganyiko hugeuka kijani na kuganda kama uji. Changanya wa siku ile ile tu, na ujue kwamba bila vanishi juu yake utakuwa kahawia. Wa mika haubadiliki. Kuutambua, tia kijiko cha chai cha unga kwenye siki yenye chumvi, uache wazi hadi kesho. Siki ikigeuka bluu au kijani, hiyo ni shaba halisi. Kwa geti la nje chagua mika, na ile halisi iweke kwa kazi za ndani.

Rangi zina koo zake

Makosa mengi ya gharama hutokea hapa. Rangi ya mafuta na duko (rangi ya kupuliza ya magari) hazioani kwa kila mpangilio. Thina ya duko ni kali. Ukipuliza duko au klia ya magari (vanishi yake angavu) juu ya rangi ya mafuta, rangi ya chini huvimba na kukunjamana kama ngozi ya maziwa, na dawa yake ni kukwangua yote na kuanza upya. Rangi ya mafuta juu ya duko iliyokauka, hiyo inakubali. Basi amua mapema: ama mafuta kuanzia praima hadi vanishi, ama duko kuanzia praima hadi klia. Kwa brashi na sponji chukua mafuta, kwani hukupa muda wa kuchezea mkono. Ukiwa na kompresa na mahali pasipo na upepo, duko yenye klia ya hadina (dawa ya kuigandisha) hudumu zaidi juani. Ila hadina ya klia ina sumu inayoharibu mapafu, na barakoa ya kitambaa haiizuii. Bila barakoa ya mkaa yenye kichujio kizima, usiipulize.

Hali ya hewa huamua saa ya kazi

Kiangazi cha Dodoma, Mei hadi Novemba, ni kizuri kwa rangi kwa sababu hewa ni kavu, na ni kibaya kwa sababu hiyo hiyo. Rangi inakauka kabla hujaisambaza, na upepo wa mchana huleta vumbi jekundu linalonata juu ya vanishi mbichi. Anza saa 1 asubuhi, maliza kabla ya saa 4. Mwaga maji ardhini mita tatu kuzunguka geti nusu saa kabla. Weka kiganja kwenye chuma: ukishindwa kukiacha hapo kwa kuhesabu hadi tano, chuma ni ya moto mno. Rangi itachemka kwa ndani na kuacha vitundu kama vya sindano. Geti linalotazama mashariki ndilo linalopata jua kwanza, kwa hiyo anza na upande wa ndani na upande wa nje uufanye jioni upepo ukitulia. Ikiwezekana ling'oe, lipelekwe chini ya turubai.

Desemba hadi Aprili kazi inawezekana, lakini usipake vanishi ikiwa mawingu yamejikusanya. Vanishi iliyonyeshewa kabla ya muda wa saa nne kupita tangu ipakwe huwa nyeupe kama maziwa.

Neno moja kuhusu maji. Maji ya visima vingi vya kanda hii yana chumvi. Ukiosha geti kwa maji hayo na kuyaacha yakaukie juu, chumvi hubaki, na chini ya rangi huvuta unyevu mpaka malengelenge yanatokea msimu wa mvua. Suuza mwisho kwa maji ya mvua au maji ya kunywa, futa papo hapo kwa kitambaa, kisha pitisha thina.

Kazi yenyewe, siku kwa siku

Siku ya kwanza ni ya kusafisha na praima. Gonga slagi yote (gamba la kuchomelea), ng'oa matone ya kuchomelea kwa patasi, sawazisha maungio kwa grenda, ziba matundu kwa puti ya magari na usugue kwa namba 120. Shaba hufuliwa na kukunjwa. Haina matone ya welda. Tone moja lililoachwa litaonekana kuliko rangi nzuri yote uliyoipaka. Baada ya kusugua, futa kwa vitambaa viwili: kimoja chenye thina kulainisha uchafu, kingine kikavu kuunyanyua kabla thina haijakauka. Kitambaa kimoja huhamisha mafuta tu kutoka hapa kwenda pale. Petroli na dizeli ziache, huacha mafuta. Paka praima siku hiyo hiyo, kwa sababu chuma iliyo wazi huanza kutu hata usiku mmoja. Kingo, pembe na maungio vipakwe kwanza kwa brashi ndogo, ndipo sehemu pana. Rangi hukimbia ukingo mkali ikikauka, na ndiyo maana kutu huanzia hapo siku zote.

Siku ya pili, mkono wa pili wa praima. Siku ya tatu, pitisha msasa namba 320 taratibu, futa vumbi, kisha paka kahawia ya chini: sehemu 4 za kahawia, sehemu 1 ya nyeusi, na nusu sehemu ya nyekundu. Iwe kama kahawa iliyokolea. Hii ndiyo itakayoonekana ndani ya mashimo na nyuma ya maua, kwa hiyo ipakwe kila mahali bila kuacha.

Siku ya nne ni shaba yenyewe, na hapa mkono mwepesi ndio ufundi. Koroga rangi mpaka chini ya kopo, na uendelee kukoroga kila dakika tano, maana chengachenga ni nzito na huzama. Lowesha sponji kwa tapentaini, ikamue mpaka iwe kama kavu, chovya ncha kwenye rangi, gonga mara mbili tatu kwenye boksi kuukuu ili ziada itoke, ndipo uguse geti. Gusa na uinue; usisugue. Geuza sponji kila mguso, la sivyo alama moja itajirudia geti zima kama muhuri. Acha kahawia ionekane kwa takriban theluthi moja, zaidi kwenye pembe na chini ya vyuma vya kulala. Kwenye maua ya flati baa tumia brashi ya inchi 1 iliyokaribia kukauka, ukiipitisha juu ya mgongo wa chuma tu.

Zikipita saa sita, changanya shaba sehemu 3 na dhahabu sehemu 1, uguse pale tu ambapo mkono wa mtu ungefika au jua lingepiga: mshikio, vichwa vya mikuki, ukingo wa juu wa fremu. Kidogo sana. Dhahabu ikizidi, geti linakuwa la shaba ya njano kama misumari ya milango ya Zanzibar, nzuri kwa mahali pake lakini siyo tunayoitafuta.

Siku ya tano ni ya kutia kivuli. Changanya kahawia ya mafuta sehemu 1, vanishi sehemu 2 na tapentaini sehemu 1. Paka eneo la nusu mita ya mraba, lisizidi, subiri dakika tatu hadi tano, futa kwa fulana ukiacha rangi ndani ya mashimo na maungio. Vitabu vya nchi za baridi husema subiri dakika kumi na tano. Hapa kwa kiangazi itakuwa imeshashika, na kuifuta kutaacha michirizi. Ikishika mapema, lowesha kitambaa kwa tapentaini. Ukiona geti limechafuka kuliko ulivyotaka, liache likauke kwanza; vanishi ya mwisho itarudisha mng'ao mwingi. Fulana zenye mafuta zianike zimetandazwa. Zikirundikwa kwenye kona ya stoo zinaweza kujipasha joto na kuwaka zenyewe.

Siku ya saba, baada ya siku moja ya kupumzika, kijani. Tafakari kwanza kama unakitaka. Kijani cha shaba ni kazi ya maji, hewa na miaka. Sanamu ya Uhuru ya New York ilizinduliwa mwaka 1886 ikiwa na rangi ya shaba, na hewa ya bahari ndiyo iliyoifanya ya kijani miongo iliyofuata. Katika hewa kavu kama ya kwetu shaba halisi hubaki kahawia muda mrefu sana. Geti lililojaa kijani mahali pakavu kama hapa linajisema kuwa ni rangi. Weka kijani pale tu maji ya mvua yangetuama: chini ya vichwa vya misumari, kwenye kona za chini za fremu, ndani ya mikunjo ya maua.

Changanya rangi ya maji: nyeupe sehemu 6, kijani sehemu 2, bluu sehemu 1, kisha maji kiasi sawa na rangi yote. Tia tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo ili isikimbie juu ya mafuta. Gusa kwa brashi, nyunyizia maji kwa chupa, iache itiririke yenyewe sentimita mbili tatu, kausha ziada kwa sponji. Mtiririko uelekee chini, hata kama geti umelilaza. Wengi hupaka likiwa limelala mezani na mitiririko inatoka ya mlalo.

Siku ya nane na ya tisa, vanishi mikono miwili. Chagua ya nje inayozuia jua, yenye mng'ao wa kati. Ile isiyong'aa kabisa huua metali na kuifanya kama udongo, na inayong'aa sana huonekana kama plastiki. Vanishi ya mafuta hugeuka manjano kidogo na umri, jambo lisilodhuru shaba.

Kwa wanaopuliza

Tumia bunduki ya rangi yenye tundu la milimita 1.3 au 1.4, shinikizo la paundi 30 hadi 35 kwa inchi ya mraba, umbali wa sentimita 15 hadi 20, kila mpito ukipishana nusu na uliotangulia. Mabaka kama mawingu hutokea chengachenga zinapoelea kwenye rangi nyingi na kulala ovyo. Hayafutiki kwa kuongeza rangi nzito. Mpito wa mwisho upulize kwa umbali wa sentimita 25 hadi 30, mwepesi kama ukungu, geti zima kwa mara moja. Rangi ikitua imekwaruza kama msasa, imekaukia hewani: sogea karibu kidogo au tumia thina inayokauka polepole. Msasa usiguse rangi ya metali kabla ya klia. Kila mkwaruzo utaonekana.

Mrututu je?

Ukichovya msumari safi kwenye maji ya mrututu (chumvi ya bluu ya shaba), ule ule unaotengenezewa dawa ya ukungu wa mizabibu, unatoka mwekundu kwa sekunde chache. Ni shaba halisi: chuma inayeyuka kidogo, na shaba iliyo kwenye maji inachukua nafasi yake. Kwa vitu vidogo vya ndani, kama vishikio vya droo, ni pambo zuri. Yeyusha gramu 15 kwa lita moja ya maji kwenye ndoo ya plastiki, ongeza vijiko vitatu vya siki nyeupe, chovya chuma iliyosuguliwa na kufutwa mafuta kwa sekunde 5 hadi 10, suuza, kausha mara moja kwa kitambaa laini, pitisha vanishi. Ukichelewa kutoa, shaba inakuwa unga wa kahawia unaotoka kwa kidole. Kwenye zinki hutoka weusi mtupu, na stenlesi haishiki kitu.

Kwa geti, hapana. Tabaka ni jembamba mno, na shaba inapogusana na chuma penye unyevu, chuma ndiyo inayoliwa. Mkwaruzo mmoja utapata kutu haraka kuliko kama usingepaka chochote. Kuongeza betri hakusaidii, kwa sababu shaba ile legevu hutangulia kushika kabla ya umeme kufanya kazi, na yote ya juu hubanduka nayo. Viwanda huanza na tabaka la nikeli au hutumia dawa zenye sianidi, na hiyo siyo kazi ya uani.

Mrututu ni sumu. Vaa glavu, linda macho, na maji yaliyobaki usiyamwage bustanini wala mtoni. Tumbukiza steeliwaya ndani yake mpaka rangi ya bluu iishe, chuja matope mekundu, yafunge na kuyatupa na taka.

Baada ya kazi

Geti lisifungwe kwa nguvu wala kubandikwa matangazo kwa wiki mbili. Vumbi lioshwe kwa maji na sabuni laini kila mwezi wakati wa kiangazi. Ukilifuta kavu, mchanga wake hukwaruza vanishi. Kagua kingo za chini kila mwaka mwezi wa Novemba kabla mvua hazijaanza. Penye mkwaruzo uliofika chuma, sugua, gusa praima, kahawia, kisha shaba kwa ncha ya sponji, na vanishi ndogo juu yake. Kwa kuwa rangi ilipakwa kwa mabaka tangu mwanzo, kiraka hakitaonekana. Vanishi nzima irudiwe inapoanza kupauka, na upande unaotazama magharibi utatangulia.